Michezo ya bure kwa watoto wadogo: ile isiyokula mega

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa migodi, toka Kipushi mpaka Kolwezi, mambo yanapita hivi. Papa ametoka posti ya usiku, analala. Nyumba ni vyumba viwili, jua limekwisha kupanda, na mtoto wa miaka 4 anataka kuimba. Mama anamupa telefone: «Kamata, cheza, usilamushe papa.» Kimya inaingia. Nyuma ya saa moja mega za juma nzima zimeisha, na kwenye kioo mtoto anaangalia piblisite ya watu wenye kubeti mpira.

Hatuandiki hii kwa kuhukumu mama. Mtu mwenye kushuka chini ya udongo usiku, ao kuendesha kamyo kubwa ya kampani, asipolala muchana anaweza kujiua ao kuua mwenzake. Ile kimya iko na bei yake. Swali letu ni lingine: kama telefone itaingia mikononi mwa mtoto, na kila mtu anajua itaingia, mule ndani tuweke nini? Kuko michezo ya bure kabisa, mizuri, iliyotengenezwa kwa watoto wadogo, haina piblisite na haiombi intaneti. Kuko pia michezo mingine inayojiita ya bure. Watu wengi wanajua paka hii ya pili, juu njo inayojitangaza.

Tuanze na hii ya pili. Mtu aliyetengeneza mchezo anapaswa kula. Kama haumulipe, analipwa na mwenye piblisite. Kila mara mtoto anapomaliza kipande cha mchezo, telefone inakwenda kwenye intaneti kutafuta filme fupi ya kuuza kitu, na ile filme inakuja kwa mega zako. Sekunde 30, kisha tena sekunde 30. Mtoto wa miaka 4 hajui tofauti kati ya butoni ya mchezo na butoni ya piblisite. Anafinya yote, juu yote inang’aa. Hapo programu ingine inashushwa, nayo iko na piblisite yake. Jioni papa anauliza: «Nani amekula mega zangu?» Hakuna mtu aliyekula. Mchezo njo umekula.

Duka la programu la Android halifichi hii. Watu hawasomi tu. Chini ya jina la mchezo, kwa maandishi madogo, utakuta «Contient des annonces», ni kusema mna piblisite. Ukikuta tena maneno ya «achats», maana yake kufika fasi fulani mchezo utaomba feza. Mchezo wa mtoto mdogo wenye maneno hayo mawili, sisi tunauacha, hata kama uko na picha za wanyama na nyota 5.

Kuko jaribio moja jepesi ambalo kila mzazi anaweza kufanya, hata asiyejua kusoma vizuri. Fungua mchezo, kisha tia telefone kwenye «mode avion», ile alama ya ndege. Cheza wewe mwenyewe dakika 10. Kama mchezo unaendelea bila kulia, ni mchezo wa kukaa nyumbani. Kama unakataa kufunguka, ao kila mara unaandika kama intaneti haiko, ujue mchezo huo uko na kazi ingine zaidi ya kuchezesha mtoto. Na hata mchezo wenye piblisite, ukichezwa katika mode avion, mara nyingi piblisite haipati njia ya kuingia. Ile ndege ndogo inalinda feza kuliko fimbo.

Sasa tuje kwa mizuri. Wa kwanza, ule tungeweka katika kila nyumba kama ingekuwa kwetu kuamua, unaitwa GCompris. Jina linatoka kwa maneno ya Kifaransa «j’ai compris», nimeelewa. Ulianzishwa mwaka 2000 na Mfaransa mmoja, Bruno Coudoin, na leo watu wengi wa inchi mbalimbali wanautengeneza pamoja, bila bosi wa kuuza. Zamani kwa ordinatere zingine na kwa telefone sehemu yake ilikuwa ya kulipia. Toka mwaka 2020 mchezo mzima ni bure fasi zote. Ni wa watoto wa miaka 2 mpaka 10, na kusema kweli si mchezo mmoja: ni kama kabati yenye michezo zaidi ya 100 ndani.

Mtoto wa miaka 2 ao 3 atakuta picha iliyofunikwa. Anapangusa kwa kidole, na nyama anatokea chini. Hakuna kushinda, hakuna kupoteza. Kama nyumbani kuko ordinatere, mchezo huo huo unamufundisha kushika suri bila mtu kumufokea. Mwenye miaka 5 anapata herufi: sauti inasema herufi kwa Kifaransa, yeye anaitafuta. Anapata kuhesabu vitu, kupanga namba, kusoma saa ya mishale, kununua vitu na kulipa kwa noti na vyuma. Mkubwa zaidi anapata mafumbo, shesi, safari ya maji toka bahari mpaka mvua mpaka mto, na hata kufunga nyuzi za umeme kati ya batri na ampuli. Hapa papa fundi wa umeme anaweza kukaa kando ya mtoto na, mara moja kwa mwezi, kuonyesha kazi anayofanya kule chini.

Kuko kitu kimoja wazazi wengi hawaoni: GCompris inapanga kazi zake kwa nyota, nyepesi nyota moja, nguvu nyota 6, na ndani ya mipango yake mzazi anaweza kuficha zile za nguvu. Fanya hivyo siku ya kwanza. Mtoto wa miaka 4 akiangukia kwenye mchezo wa miaka 9, atatupa tablete na kusema mchezo ni mubaya, na wewe utamwamini.

Lugha ni jambo kubwa kwetu. Mtoto wa kambi ao wa cité anaongea Swahili nyumbani. Kwa sheria, miaka ya kwanza ya masomo ingefundishwa kwa lugha ya inchi, lakini mujini masomo mengi yanaanza moja kwa moja na Kifaransa, na mtoto anakaa miezi mizima mbele ya mwalimu akisikia kelele tu. Ule mchezo wenye kusema «a», «bé», «rouge», «bleu», kila siku kidogo, bila kumuchapa na bila kumucheka, unamufungulia mlango kabla ya siku ya kwanza ya masomo. Si kitu kidogo kwa mzazi asiyekuwa na feza ya kulipa masomo ya gardien.

Lakini mtoto anayejua lugha ya mama yake vizuri anajifunza ya pili haraka zaidi, kwa hiyo tusiweke Kifaransa peke yake. Kwa Swahili kuko vitu viwili vya kutafuta.

Cha kwanza ni African Storybook, kazi ya watu wa Afrika Kusini. Ni vitabu vifupi vya watoto, vyenye picha, katika lugha nyingi za Afrika. Swahili na Kifaransa zimo. Anwani ni africanstorybook.org. Vitabu vile viliandikwa kwa mtoto anayeanza tu kusoma: ukurasa mmoja, sentensi moja ao mbili. Unaweza kuvishusha na kuvisoma bila intaneti, kuvichapisha kwenye karatasi, kuvigawia jirani. Si mchezo wa kukimbia na kuruka, lakini mtoto wa miaka 5 anayefinya ukurasa mwenyewe na kusikia mama akisoma, kwake ni mchezo.

Cha pili kinatoka Dar es Salaam, kinaitwa Ubongo. Wanatengeneza filme za katuni. Moja inaitwa Akili and Me: Akili ni mtoto mwanamuke wa miaka 4, anakaa chini ya mlima Kilimanjaro, na akilala anaingia katika inchi ya ndoto ambako anajifunza namba, herufi na rangi pamoja na wanyama. Ingine, Ubongo Kids, iliyoanza kuonyeshwa katika televizyo ya Tanzania mwaka 2014, ni ya wakubwa kidogo. Inafundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo. Swahili yao ni ile tunaita Swahili bora. Usishangae mtoto wako akianza kusema «hapana» fasi ya «haiko», na bibi yake akacheka mpaka machozi. Kwetu hiyo ni faida: Swahili ya kitabu na ya Tanzania bara zinaingia sikioni mwake, na yetu haipotei, juu yeye anaikuta uwanjani kila siku. Paka angalia hii: zile ni filme, na filme ni nzito. Usimuachie mtoto kuziangalia moja kwa moja kwenye intaneti. Zishushe mara moja, uziweke kwa karte memwari, ufunge intaneti.

Kwa kuchora, kuko Tux Paint, toka mwaka 2002, ya watoto wa miaka 3 mpaka 12. Mtoto anapata burashi, rangi, mihuri ya picha, na kila kitu kinatoa sauti. Kuzuri kwake ni kwamba mtoto hawezi kuharibu kitu. Haimuombi jina la fishie, haimuulizi mambo ya watu wakubwa. Anafinya kuweka, picha inawekwa. Inazungumza Kifaransa na inakubali ordinatere ya zamani, zile za okazyon ambazo biro za mujini zinauza wakati wanaleta mpya. Ndugu yake, Tux Math, ni ya mwanafunzi aliyekwisha kujua kuongeza na kutoa: hesabu zinaanguka toka juu kama mawe ya moto, naye anaandika jibu haraka kabla hazijafika chini. Tumeona watoto waliokataa kabisa kazi ya nyumbani ya hesabu wakifanya makumi ya hesabu pale, wakipiga makelele. Basi, si mchezo wa wakati papa analala.

Watu watakuuliza pia juu ya Khan Academy Kids. Ni kweli, ni mzuri sana, bure, bila piblisite, kwa watoto wa miaka 2 mpaka 8. Lakini unasema Kiingereza. Kama kuko mtu nyumbani anayejua Kiingereza, ao familia inafikiria kuhamia Zambia, weka. Vinginevyo anza na GCompris.

Inabaki kuipata, na hapa njo watu wengi wanachoka. GCompris kwa ordinatere ni mamia ya mega. Kwa telefone ni ndogo zaidi lakini bado nzito kwa mtu mwenye kununua mega za siku moja. Dawa iko katika aina ya programu yenyewe. GCompris, Tux Paint na Tux Math ni programu huru: sheria yao inaruhusu kila mtu kunakili na kugawa. Si wizi, si magendo. Wenye kuzitengeneza wanaomba ufanye hivyo. Basi mtu mmoja wa posti anaishusha siku moja, kisha watu 10 wanaipokea kwake kwa Xender, kwa Bluetooth ao kwa fulashi, bila mega hata moja. Unaweza pia kwenda kwa wale vijana wanaowekea watu nyimbo na filme kwenye karte. Wana intaneti na wana ordinatere. Waandikie anwani kwenye karatasi: gcompris.net na tuxpaint.org. Waambie watoe pale pale, wasitafute fasi ingine, juu katika intaneti kuko watu wanaochukua jina la programu nzuri na kutia uchafu ndani. Ukirudi nyumbani na fulashi, ipimishe kwa antivirusi kabla ya kuifungua.

Android itakuuliza ruhusa ya kuweka programu isiyotoka katika duka lake. Toa ruhusa, weka mchezo, kisha urudi kuifunga ile ruhusa. Na mara ya kwanza fungua GCompris wewe mwenyewe wakati intaneti ingali iko: inaweza kuomba kushusha sauti za Kifaransa. Bila sauti, mtoto asiyejua kusoma atakaa akiangalia picha bila kuelewa anaombwa nini.

Tuongee kidogo juu ya telefone ya papa, juu mara nyingi ni hiyo moja tu, na ndani yake mnakaa mshahara. M-Pesa, Airtel Money, Orange Money: watu wengi wanapokea na kutuma feza kwa telefone ile ile mtoto anayoshika. Android iko na kifaa kinaitwa «épingler». Utakikuta katika mipango, upande wa usalama. Ukiisha kukiwasha, unafungua mchezo, unaupigilia msumari kwenye kioo, na mtoto hawezi kutoka ndani yake bila kode. Hatafika kwa ujumbe, hatapigia shefu saa 8 ya usiku, hataona picha za WhatsApp za ajali ambazo watu wanatumiana bila kufikiri. Kode isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto. Watoto wa miaka 6 wanajua kuhesabu kuliko tunavyofikiri. Na telefone ikiwa kwa sharja, inapata moto, basi asicheze nayo mpaka batri ijae.

Ndani ya batri za telefone nyingi mna kobalti. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, sehemu kubwa katika Lualaba na Haut-Katanga. Mtoto anayepangusa picha ya nyama kwa kidole anaweza kuwa anashika jiwe ambalo papa yake, ao jirani, alilitoa. Muonyeshe. Ni somo ambalo hakuna mchezo unaolifundisha.

Wakati gani, na muda gani? Shirika la Afya la Dunia lilitoa shauri mwaka 2019: mtoto chini ya mwaka 1, kioo hapana; wa mwaka 1, hapana pia; wa miaka 2 mpaka 4, isipite saa moja kwa siku, na ikipunguka ni vizuri zaidi. Tunajua katika nyumba yenye posti tatu saa moja si nyingi. Basi ikate: dakika 20 asubui, 20 wakati mama anapika bukari, na jioni hapana, juu kioo kinamutolea mtoto usingizi, kisha ni nyinyi mtakaokosa kulala. Saa zingine ni za kamba, za mpira wa mafuko, za udongo. Na zile dakika 20 za kwanza, kaa naye. Mtoto anayecheza peke yake anafinya, mtoto anayecheza na mtu anaulizwa: «Hii ni ngapi? Na ukiondoa moja?»

Kwa nyumba isiyo na telefone ya kioo, na kwa familia za wachimbaji wa mikono ziko nyingi, vifuniko vya chupa vinafanya nusu ya kazi hii. Panga 10, ondoa 3, uliza zimebaki ngapi. Panga za rangi moja pamoja. Ficha moja chini ya kikombe. Wenye kutengeneza michezo ya kwanza ya GCompris hawakuvumbua kitu kingine.

Mtoto akipita miaka 8 ataanza kuona GCompris ni ya «bébé». Hapo mupe Scratch, programu ya bure ya chuo cha MIT cha Marekani, toka mwaka 2007. Kwa Scratch mtoto anatengeneza mchezo wake mwenyewe kwa kupanga vipande vya rangi kama matofali. Maneno yake yanapatikana kwa Kifaransa na kwa Swahili, na kwa ordinatere inafanya kazi bila intaneti. Kwa maswali yake yasiyoisha, kuko Vikidia, ansiklopedi ya Kifaransa kwa watoto wa miaka 8 mpaka 13, ambayo unaweza kuiweka nzima katika telefone kwa njia ya programu inayoitwa Kiwix.

Mwisho, neno kwa komite za wazazi. Kuko programu ya bure inaitwa Kolibri, iliyotengenezwa kwa fasi zisizo na intaneti. Inawekwa katika ordinatere moja ya masomo. Tablete na telefone zilizo karibu zinaingia ndani yake kwa wifi, bila mega, na kukuta filme, vitabu na mazoezi, mengine kwa Kifaransa, mengine kwa Swahili. Kampani nyingi za migodi zina kitabu cha ahadi zao kwa vijiji na miji iliyo karibu, kile wanaita cahier des charges, na wazazi wana haki ya kuuliza mle ndani mna nini kwa masomo ya watoto. Wakati wa kukutana nao, komite isiombe «ordinatere» tu, juu ordinatere tupu itafungiwa katika biro ya direkta. Iombe ordinatere moja yenye Kolibri ndani, ruta moja ya wifi, batri ya kusaidia wakati wa delestaji, na mwalimu mmoja aliyefundishwa kuiwasha.